Kidonge cha Othmani na Jini la Marehemu Mama

Mtaa wa Miyomboni,
S.L.P. 214,
Iringa.
3 Oktoba 1976

Mpendwa wifi yangu Mwanakhamisi,

Assalaam aleikum. Shikamoo wifi. Nakuandikia Idi ikiwa imeshapita, na ninatumai waraka huu utakukuta wewe na wote wa Kilwa Kivinje mna afya na amani. Idi mmeilaje? Sisi tulipika pilau la mchele wa Usangu, mzuri, unajitenga punje punje, ila nazi za huku zinafika zimeshazeeka njiani na tui lake ni la kubembeleza. Miguu yako je? Ule uvimbe wa kifundo umepungua? Na Ami Shomari, amekwenda kupimwa miwani au bado anausingizia moshi wa jikoni?

Sisi huku hatujambo, na nikisema hatujambo nina maana ya watoto na mimi. Tatu ameng'oka meno ya mbele na anasoma kitabu chake cha darasa la kwanza kwa sauti ya mluzi. Ile baridi uliyoikimbia ulipokuja kututembelea mwaka juzi imekwisha, sasa ni zamu ya upepo, na vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa.

Barua yako niliipata Mwezi Mtukufu ukiwa unaelekea ukingoni. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Sikujibu kwa sababu sikujua nijibu nini, na hata sasa ninapoandika sijui vizuri. Ila nimeona nikingoja nijue ndipo niandike, utazeeka hujapata barua.

Umesema nimlete Othmani Kilwa mara baada ya Idi. Umesema jini la marehemu mama limemfuata yeye, linataka kiti, yaani mtu wa kumkalia, na fundi wa majini ameangalia akaona hivyo hivyo. Chano cha sadaka ya jini kitakuwa tayari, na kabla ya kupanda basi aache vidonge vya hospitali, maana jini halikai pamoja na dawa za kizungu. Daktari naye amesema vidonge asiviache ghafla hata akijisikia mzima. Mimi niko katikati, wifi. Mume ni wangu, ndugu ni wako, na nisipoamua mimi sikuona nani mwingine ataamua, kwa kuwa mwenyewe tangu Juni ukimwuliza anataka chai au uji alikuwa anakutazama kama umemwuliza habari za mwezini.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana najua habari zimekufikia kwa mkono wa Yunusu. Yunusu ni shemeji yangu nampenda, lakini habari ikipita kwake hutoka imeota ndevu.

Ulimwona mwenyewe mwezi wa Aprili alipofika Kilwa amechelewa. Masika ilikuwa imejaza Rufiji, kivuko hakivuki, akakaa ng'ambo na wasafiri wengine huku akijua mama yake anazikwa. Alifika siku mliyoanua matanga. Aliporudi Iringa hakusema lolote juu ya safari ile. Alikaa kwenye cherehani kesho yake, nikasema alhamdulillahi, kazi itamsaidia.

Hali ilibadilika Juni, baridi ilipoanza. Akawa anaamka kabla ya adhana, anakaa ukingoni mwa kitanda anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Mtu akibisha hodi, hata mtoto, anaruka na jasho linamtoka, katika baridi ile ambayo wewe ulijifunga vitenge vitatu. Halafu mchana kutwa amelala ameelekea ukutani. Si usingizi, macho yako wazi. Chakula anakionja kwa heshima yangu. Akapungua mpaka suruali nikampunguza kiuno mimi, mke wa fundi cherehani.

Nilianza kwa kumtania, nikaenda kwa kumgombeza, nikaishia kuogopa. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeomba chumvi, kwamba watoto wangepata nafuu kama na yeye angekuwa amelala Kilwa karibu na mama. Nilitoka nje nikashika ukuta. Neno hilo sikumwandikia mtu yeyote, hata Yunusu. Nakuandikia wewe leo, na barua hii usimpe mtu akusomee.

Aliyenisaidia ni jirani yetu Apolonia, Mhehe wa Kalenga, anayefanya kazi ya usafi wodini. Alikuja kuchukua sketi ya binti yake ikiwa haijashonwa, akamtazama Othmani kupitia mlangoni, akanivuta uani.

"Mama Tatu, huyu baba si mvivu. Huyu anaumwa kabisa. Wodini kwetu nawaonaga hawa. Kesho twende, mimi nitakupeleka mpaka kwa daktari mwenyewe."

Nikamwambia haumwi popote, hana homa, hakohoi.

"Ndiyo hivyo wanavyokuwaga," akasema, akaondoka na kitambaa chake akiwa hata hajakasirika.

Daktari anaitwa Gideoni, Mnyakyusa wa Tukuyu, kijana mrefu mwenye sauti ya upole. Alimpima Othmani mapigo ya moyo, akamtoa damu, kisha akauliza maswali ambayo mimi niliona hayahusiani na ugonjwa: anaamka saa ngapi, alikuwa anapenda nini ambacho siku hizi hakipendi. Alipomwuliza kama amewahi kutamani kufa nilitaka kujibu mimi, akaninyamazisha kwa mkono, na Othmani akasema ndiyo. Ndipo akatueleza jambo ambalo nitalieleza kama nilivyolishika, na ukiona limepinda, ujue lilipinda njiani kutoka kwake kuja kwangu.

Anasema mtu akiona hatari, tuseme nyoka, ubongo unapeleka habari mpaka kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo. Tezi zinamimina kitu kwenye damu, wao wanakiita homoni, na homoni hizo ndizo zinazofanya moyo ukimbie, usingizi upotee na tumbo likatae chakula, ili mtu awe tayari kupigana au kutoka mbio. Nyoka akishaondoka, ubongo unatuma neno la pili: inatosha. Homoni zinapungua, mtu anakaa chini, anakunywa maji, anasimulia. Kwa baadhi ya wagonjwa wa huzuni kama Othmani, lile neno la pili ni kama halisikiki. Nyoka ameondoka zamani lakini mwili bado unamkimbia.

Nikamwuliza, anamkimbiaje naye amelala?

"Amelala nje, mama," akasema. "Ndani yeye anakimbia mchana na usiku. Ndiyo maana amechoka hivi."

Sasa vidonge. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Anasema mishipa ya fahamu ndani ya ubongo inapeana habari kwa kemikali, na vidonge vinafanya kemikali hizo zisiondolewe haraka. Hilo linaanza siku ile ile mtu anapomeza. Lakini mgonjwa haoni nafuu mpaka wiki kadhaa zipite. Kwa nini? Wataalamu bado wanabishana. Huenda katika wiki hizo ubongo unajifunza upya kusikia lile neno la inatosha, na homoni ya hofu inashuka. "Huenda, mama. Sikudanganyi, yote hatuyajui." Mimi nilitaka daktari anayejua yote, wifi. Nilitembea kutoka Miyomboni kwa ajili ya huyo, nikapewa mkweli.

Njiani kurudi nilikuwa najiuliza figo zina undugu gani na msiba. Mama amefia Kilwa, figo za Othmani ziko Iringa, zimeambiwa na nani? Othmani hakuwa amesema neno tangu tutoke hospitalini. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Ni kama gurudumu la cherehani. Mguu umeshauondoa, lenyewe bado linazunguka." Basi, hakusema tena mpaka kesho yake. Lakini nilifurahi kwamba mmoja wetu ameelewa.

Tulipewa vidonge vidogo, jina lake limenishinda, kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Wiki za kwanza nilijuta. Huzuni ilibaki pale pale, ila sasa imeongezewa usingizi wa ovyo na kinywa kikavu. Unamjua mdogo wako anavyotunga sindano: analamba ncha ya uzi, anaikaza kwa vidole, anapitisha mara moja huku anaongea na wewe. Sasa analamba, uzi unatoka mkavu kama ulivyoingia. Na macho yake ya karibu yakafifia, tundu la sindano halioni. Ikabidi mimi nikae kwenye kigoda kando yake, nitunge sindano moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye kola ya gauni langu, naye akihitaji anachomoa. Daktari alisema hayo ni ya dawa na yatapungua. Mimi nikajisemea, dawa gani hii inayoanza kwa kumnyang'anya fundi mate na macho?

Nilikaribia kuvitupa chooni vidonge hivyo. Apolonia ndiye aliyenizuia. "Hii siyo kama ya malaria, Mama Tatu, unameza leo kesho umepona. Hii inaendaga polepole. Vumilia tu." Nikavumilia, ila kwa kununa.

Ukaingia Mwezi Mtukufu. Kwa fundi wa kanzu huo ndio mwezi wa kazi, kila baba anataka ya Idi na kila mtoto anataka kama ya baba. Unajua pia kwamba mdogo wako hajala mchana wa Ramadhani tangu alipobaleghe. Nilimwambia mgonjwa ana ruhusa. Akasema ruhusa ni ya mtu anayetapika. Sikuwa na moyo wa kubishana na mtu ambaye kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa amekataa kitu kwa nguvu.

Sasa kidonge cha mchana kitamezwa lini? Tulishauriana wenyewe bila kumwuliza daktari, tukaona ni rahisi: vyote vitatu avimeze kwenye futari, pamoja na tende na uji, kisha aende msikitini akasali tarawehe na wenzake. Tulijiona tuna akili sana.

Hazikupita siku nyingi akaanguka msikitini. Alikuwa anainuka kutoka kwenye sijida, akayumba, akamwangukia aliye kando yake, naye akamwangukia wa tatu, safu nzima ikapinda. Walimleta nyumbani wamemshika makwapa, uso umepauka, ulimi mzito, maneno hayatamkiki kwa ukavu wa kinywa. Sisi watu wa pwani tulio huku bara tunajijua, wifi. Mtu anaanguka kwenye sijida, Qurani inasomwa, nani hatasema ni jini limeunguzwa na maneno? Habari ilifika stendi kabla watu hawajala daku. Yunusu akaipata Mbeya kwa dereva wa lori, akakuandikia wewe, na wewe ukaniandikia mimi.

Usidhani niliwacheka. Hata mimi nilifukiza ubani nikamsomea Ayatul Kursiyu sikioni mpaka sauti ikanikauka. Nilimkumbuka mama alivyokuwa akipandisha jini, nikasema Mwanakhamisi akisikia atajua ni nini.

Kesho yake Apolonia akatukokota kwa daktari. Alisikiliza, akauliza vidonge vilimezwa saa ngapi na sala ilianza saa ngapi, kisha akafunika uso kwa kiganja. Nikadhani amekasirika, kumbe anajizuia kucheka. Anasema dawa hii inashusha msukumo wa damu mtu anapoinuka, na aliyeshinda bila maji ndiyo zaidi. Vitatu kwa pamoja juu ya tumbo lililofunga, halafu kuinama na kuinuka, kuinama na kuinuka, hata bondia angeanguka.

"Meza vyote wakati wa kulala, baba, sala zako zote zikiwa zimekwisha. Na ukiamka, kaa kwanza kitandani, ndipo usimame." Kuhusu kufunga alisema angependelea apumzike. Alipoona sura ya Othmani akamsihi basi anywe maji mengi usiku, na mimi nimtazame, na siku akiona kizunguzungu tu afungue.

Hakuanguka tena. Ungedhani hapo nimepata jibu, kumbe kidonge, si jini. Ngoja kwanza.

Juma lile lile Yunusu akaja kutoka Mbeya amekumbatia kapu kwenye basi njia nzima. Ndani mna kombe, maandishi ya zafarani kwenye sahani nyeupe, alilosomewa na sheikh wa kule. Tukaliosha kwa marashi, Othmani akanywa asubuhi na jioni baada ya kufuturu, namaanisha alfajiri kabla ya kufunga na jioni baada yake, unaona hata maandishi yangu yamechanganyikiwa. Mwezi ukaingia kumi la mwisho. Na asubuhi moja nilimkuta amelala. Amelala kweli, wifi, anakoroma, adhana imepita na yeye hana habari. Nilikaa sakafuni nikamsikiliza kama nasikiliza taarabu.

Kisha vikaja vingine vidogo vidogo. Alisema uji umepungua sukari. Akamwuliza Tatu meno yake amemwazima nani. Kanzu za Idi akashona nyingi kuliko nilivyotegemea, moja mkono wa kulia umeupita wa kushoto, na mwenyewe alipomwona mteja ameivaa akacheka. Mteja hakucheka, lakini huyo shauri yake. Othmani alicheka na mimi nilikwenda jikoni nikalia juu ya mafiga.

Sasa niambie wewe, ni nini kilichomwinua? Daktari anasema wiki alizozitaja zilikuwa zimetimia. Yunusu anasema ni kombe. Watu wa msikitini wanasema ni dua za kumi la mwisho. Apolonia anasema ni mimi kukaa kando yake na sindano. Na wewe najua utasema jini limetulia kwa kuwa limesikia chano kinaandaliwa. Nikiwasikiliza wote pamoja, kila mmoja namwona ana haki. Nikibaki peke yangu simwoni hata mmoja.

Na kuna jambo linalonisumbua kuliko hilo. Huyu anayecheka ni nani? Mimi nimeolewa na Othmani, namjua kwa hasira zake na kwa furaha zake. Kama kidonge ndicho kinachoishusha hofu, basi utulivu huu ni wake au ni wa kidonge? Juzi sinia lilianguka jikoni kwa kishindo. Mimi niliruka, yeye akageuza kichwa polepole akauliza kumevunjika nini. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Hivi nyumba ikishika moto huyu ataamka? Hofu kidogo si Mungu ndiye aliyetupa?

Tena siku ya Idi tulimsomea mama fatiha. Tangu Aprili jina lake likitajwa Othmani hulia. Safari hii macho yalikuwa makavu. Nikajiuliza, amepoa, au dawa iliyokausha mate imekausha na machozi? Nilimwuliza daktari huku naona haya. Akasema inaweza kukausha macho kidogo, ndiyo. Kisha akasema mtu anaweza pia kumkumbuka mama yake bila mwili wake kumkimbia nyoka. Mpaka leo sijui kama alinijibu.

Siku hiyo hiyo pale hospitalini, Othmani akiwa bado anangoja nje, nilimweleza daktari habari ya Kilwa. Kusema kweli nilitaka acheke, nipate sababu ya kukukatalia. Hakucheka. Alisema kwao Tukuyu nako wana mambo yao. Mtu akizungukwa na ndugu, akiimbiwa, akilishwa, huenda mwili wake ukaisikia ile inatosha kwa njia hiyo pia, yeye hawezi kukataa kitu ambacho hajakipima. "Ila vidonge asiviache, mama. Akiviacha sasa anaweza kurudi kule kule alikokuwa mwezi wa Juni." Unajua sasa Juni Othmani aliniambia nini.

Kisha akamwita Othmani ndani, akauliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyewahi kuwa hivi. Othmani akanitangulia kujibu. Alisema mama. Alieleza mambo ambayo mimi katika miaka yote ya ndoa sikuyasikia: kwamba mama alikuwa na majira yake, anafunga dirisha, hapiki, hasuki nywele, na wewe ukiwa msichana mdogo ndiye uliyekuwa ukimlisha kwa mkono, mpaka ndugu wanakusanyika, anapungwa jini kwa ngoma, na anawarudia kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo mimi sikatai, wifi. Ngoma ile ilimwinua mama. Dawa hii, au kitu kilichokuja pamoja nayo, kimemwinua mwanawe. Labda jini na homoni ni mgeni mmoja mwenye majina mawili. Labda ni wageni wawili wasiojuana. Nimelifikiria mpaka wali ukaungua.

Jana baada ya alasiri nilimsomea barua yako. Nilikuwa sijamwonyesha, nikiogopa kumtia wasiwasi. Alikuwa anatia pindo shuka, mimi nikasoma habari za jini, za fundi, za chano, za basi, yeye anasikiliza tu. Mwishoni, pale ulipoandika upesi upesi kama mtu anayetaka kufunga bahasha, kwamba hata wewe tangu matanga hulali, chakula hakipiti, na alfajiri unalisikia jini likizunguka nyumba huku moyo unakwenda mbio, mimi nilipapita haraka. Siku zote nilikuwa napapita. Nilidhani umeongeza hapo ili kuniharakisha.

Othmani akaweka shuka chini. "Rudia hapo."

Nikarudia. Akataka tena. Kisha akasema, "Hilo jini halinitafuti mimi. Mwanakhamisi anaumwa."

Nikaisoma tena kimoyomoyo, wifi. Barua yako niliishika siku zote hizo nikiisoma kama amri, kumbe ndani yake ulikuwa unalia.

Akasema hatutakwenda Kilwa. Vidonge ataendelea navyo mpaka daktari amwambie vinginevyo. Nikuandikie uje. Hakuna aliyemwuliza maoni yake, alisema mwenyewe, na kwa sauti ile yake ya zamani ya kupanga mambo ya watu. Huo ndio uamuzi wake wa kwanza tangu ugonjwa umwingie.

Basi jibu langu ndilo hilo hilo. Hatuji, wewe ndiye uje. Ondoka kabla mvua hazijaanza. Dar es Salaam utalala kwa Bi Mwanahawa, kesho yake upande basi la Iringa, na Othmani anasema atakungoja stendi mwenyewe. Ukitaka njoo na ubani wako wote na alichokupa fundi, nyumba hii ifukizwe mpaka panya wahame, sitasema neno. Lakini na mimi utanifuata kwa Daktari Gideoni. Atakuuliza unaamka saa ngapi. Mwambie kweli, usimpambie. Siahidi kwamba utatoka kwake umeelewa, mimi mwenyewe nimetoka mara zote hizo nikiwa nimeingia zaidi gizani. Ila chumba cha uani nimekifagia na kitanda nimekitandika, na blanketi mbili.

Nisalimie Ami Shomari, mwambie moshi hauna kosa. Nisalimie Bi Zuhura na wanawe, na majirani wote waliokuja kwenye matanga. Yunusu ameondoka kurudi Mbeya na anawaamkia. Tatu anakupa shikamoo kwa mluzi. Mwenyezi Mungu akupe usingizi kwanza, neema nyingine zifuate nyuma yake.

Wako akupendaye hata tunapogombana,

Wifi yako Mwantumu

Othmani ameomba nafasi iliyobaki aandike mwenyewe.

Dada, shikamoo. Usiucheke mwandiko. Nilipofika Kilwa kila mtu alinishika bega mimi, kwa sababu nilichelewa. Wewe ndiye uliyemwuguza mama na wewe ndiye uliyemwosha, na sikusikia mtu akikuuliza hali yako. Nakuuliza mimi sasa, dada. Unalala?

Othmani